Dola 320 dhidi ya dola 270: kisa cha asisitanti aliyesamehewa nusu ya ada

Mwezi wa 11 mwaka 2024, chuo kimoja kidogo cha serikali mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kilikuwa kikimdai mwanafunzi wake wa masta dola 320. Siku hizohizo yeye naye alikuwa akikidai chuo hichohicho dola 270, primu (malipo ya chuo kwa wafanyakazi) ya miezi mitatu ambayo alikuwa hajalipwa kama asisitanti, yaani mwalimu msaidizi. Ukitoa moja katika nyingine, kilichobaki kati yao ni dola 50. Hata hivyo alikwenda kukopa dola 320 zote, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, akaibeba riba hiyo hadi mwisho wa mwezi wa 4. Ilipofika hapo alikuwa ametoa dola 160 juu ya mkopo wenyewe. Na katika makaratasi ya mwaka huo, huyu ni mtu mwenye misaada miwili ya masomo.

Kisa hiki nimekishona kutoka mambo yaliyowapata watu zaidi ya mmoja. Chuo sikitaji, hesabu nimeziweka duara ili zifuatike, na vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevigeuza. Bukavu ukitaja idara na mwaka tu, watu wa mtaa wa Nyawera wameshajua unamsema nani.

Mwanafunzi ambaye pia ni mfanyakazi

Alimaliza lisansi mwaka 2017, ile ya mfumo wa zamani: miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi. Alama zake zilikuwa nzuri, chuo kikambakiza kama asisitanti. Kazi ya asisitanti wa Kongo inajulikana: kuongoza mazoezi, kusimamia mitihani, kusahihisha marundo ya karatasi, kumshikia profesa kozi akichelewa kufika. Pamoja na hayo anategemewa asome masta, maana bila masta hapandi, na kwa mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, udaktari) hata uhalali wa kusimama mbele ya darasa la lisansi unaanza kuulizwa.

Jina lake halijaingia katika orodha ya mishahara ya Kinshasa. Hajamekanizwa. Tangu serikali ianze kupitisha mishahara benki mwaka 2011, wafanyakazi wa vyuo wamegawanyika makundi mawili yanayoketi katika chumba kimoja: aliyemekanizwa anasubiri benki, na asiyemekanizwa anasubiri wanafunzi walipe. Huyu wa pili anaishi kwa primu ya chuo, fungu linalotolewa katika ada za wanafunzi na kugawanywa kwa wafanyakazi. Kwa asisitanti wetu primu ni dola 90 kwa mwezi, mwezi unapokuwa mzuri. Ana watoto wawili, na mama yake anaishi naye Bagira.

Watu humwuliza kwa nini asitafute ufadhili wa nje. Alitafuta. Mpango wa DAAD wa Ujerumani unaolipia masta na udaktari katika vyuo vya Afrika ungemfaa kuliko yote, kwa sababu asingehitaji kwenda Ulaya, ila unataka shahada ya mwisho ya mwombaji iwe haijapita miaka sita. Yake ilikuwa na miaka saba. Miaka hiyo ndiyo aliyoitumia kusahihisha karatasi akisubiri kumekanizwa. BEBUC, iliyoanzishwa na profesa wa Würzburg pamoja na wenzake wa Kinshasa, huwalipia Wakongo wakiwa humuhumu nchini, lakini hushindanisha vijana wa alama za juu kabisa, na kamati yake huwahoji uso kwa uso. Chevening ya Uingereza inadai saa 2,800 za kazi. Saa anazo, tena na za kuwagawia wengine. Kilichomshinda ni mwaka mzima wa kusoma kwa Kiingereza mbali na watoto.

Maprofesa wakongwe wakisikia habari hizi hutikisa kichwa na kukumbuka enzi za UNAZA, kati ya 1971 na 1981, ambapo vyuo vyote vilikuwa chuo kikuu kimoja cha taifa na mwanafunzi alipokea posho ya serikali. Posho hiyo ilififia katika miongo iliyofuata. Siku hizi katiba inaahidi shule ya msingi bila malipo, na tangu 2019 ahadi hiyo imeanza kutekelezwa. Juu ya msingi, kila mzazi na mfuko wake.

Basi akabaki na misaada miwili ya hapahapa. Wa kwanza ni wa chuo chenyewe: mfanyakazi anayesoma masta anasamehewa nusu ya ada. Ada ni dola 800 kwa mwaka, kwa hiyo msamaha ni 400. Wa pili ni wa mradi mdogo wa utafiti ambao promota wake, yaani msimamizi wa tasnifu yake, anauendesha na mwenzake wa Ubelgiji. Usidhani ni mradi wa ukubwa wa ARES au VLIR-UOS, njia mbili ambazo vyuo vya Ubelgiji hupitia kushirikiana na vya kwetu; huu unamlipia mwanafunzi mmoja au wawili. Uliahidi kurudisha ada iliyobaki, yaani hadi dola 400, kutoa dola 120 kila mwezi kwa miezi kumi, na dola 200 za utafiti wa uwandani.

Ukiijumlisha karatasini, ada imelipwa yote na ana cha kula. Ndiyo maana wenzake walipoona analalamika walimshangaa.

Karatasi tatu zinazongojana

Mradi ulitaka cheti kinachothibitisha kwamba ameandikishwa kikamilifu kwa mwaka 2024-2025, kifike kabla ya katikati ya mwezi wa 12. Ofisi ya uandikishaji haitoi cheti hicho kabla ya kuona bordero, stakabadhi ya benki, ya awamu ya kwanza ya ada. Awamu ya kwanza ni asilimia 40, dola 320. Alipouliza kama msamaha wake wa nusu unapunguza 320 hizo, jibu lilikuwa kwamba msamaha hutolewa na kamati ya usimamizi, kamati huketi mwezi wa 2, na kinachosamehewa hukatwa katika awamu za mwisho: ya tatu, dola 200, inafutwa yote, na ya pili inashuka kutoka 280 hadi 80. Mradi nao haulipi ada moja kwa moja. Unarudisha baada ya kuona bordero.

Ni kama watu watatu mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia.

Alikwenda kwa msimamizi wa bajeti, ambaye huitwa AB kwa kifupi. Mazungumzo yao, kama alivyomsimulia promota, yalikuwa mafupi.

"Papa AB, munanidai mia tatu na makumi mbili. Na miye ninawadai mia mbili makumi saba za primu. Tufanye hesabu moja, miye nilete makumi tano."

"Mama, ile ni kese ingine."

"Lakini chuo si ni kimoja?"

"Chuo ni kimoja, kese ni mbili. Nikifanya kwako leo, kesho wako kumi hapa mulangoni."

Nimeyaandika jinsi yalivyosemwa (kese ni mfuko wa fedha) kwa sababu kisa kizima kimo humo, na kwa sababu msimamizi huyu si mtu mbaya wa hadithi. Kwa upande wa vitabu vya hesabu ana haki. Ada inaingia benki, kisha inakatwa mafungu kabla haijaguswa: la wizara, la uendeshaji, la maendeleo ya majengo, la primu. Akimwandikia mtu kwamba amelipa 320 ilhali benki imeingia 50, mkaguzi akija atauliza zile 270 ziko wapi, na jibu kwamba zilikuwa primu ambayo haijatoka halina karatasi ya kulishika.

Kilichokuwa hakivunji kanuni yoyote ni kumlipa primu yake kwanza. Wangempa dola 270 mkononi asubuhi, angeongeza 50, na kabla ya saa sita fedha zote zingekuwa zimerudi katika akaunti ya chuo na bordero iko mezani. Kese zinabaki mbili. Kinachobadilika ni nani anayetangulia kulipwa kati ya wafanyakazi wanaodai, na katika chuo chenye madeni ya primu hilo si jambo dogo; wenzake wangeuliza kwa nini yeye. Jibu lilikuwepo, tena la kueleweka: kwa sababu fedha zake zinarudi siku hiyohiyo. Hakuna aliyeliweka mezani. Promota alilifikiria baadaye, kwa maneno yake mwenyewe, baada ya mkopo kuwa umeshachukuliwa.

Mkopo ulitoka AVEC, kile kikundi cha akiba na mikopo anachochangia pamoja na akina mama wanaouza soko la Kadutu. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika kama unyang'anyi kwa msomaji wa mbali, lakini riba ya AVEC haiendi kwa tajiri fulani. Inakaa sandukuni na kugawanywa kwa wanachama mzunguko unapofungwa, naye akiwemo. Kikundi kilimpa dola 320 katika mkutano mmoja, bila cheti chochote, kwa dhamana ya jina lake na hisa zake. Linganisha na ofisi anazofanyia kazi.

Kwa nini kamati husubiri mwezi wa 2

Nilipoanza kuchambua kisa hiki nilidhani kuchelewa kwa kamati ni uzembe wa kawaida. Hesabu za darasa lenyewe zinasema jambo tofauti.

Masta hiyo ina wanafunzi tisa. Tisa kwa 800 ni dola 7,200. Chuo kidogo hakina maprofesa wa kutosha wenye udaktari, na masta haiwezi kusimama bila wao, hivyo kinaalika. Wageni wanne kwa mwaka, wengine kutoka Lubumbashi, wengine Kisangani, kila mmoja na tiketi, malazi na malipo ya saa zake. Tuseme dola 1,000 kwa kila mmoja, na sidhani ninazidisha. Zimebaki 3,200 kwa karatasi, mafuta ya jenereta, saa za walimu wa ndani, fungu la wizara na primu.

Sasa, wanne kati ya wale tisa ni wafanyakazi wa chuo, na kila mmoja anasamehewa 400. Toa 1,600. Zimebaki 1,600, nusu ya zilizokuwepo. Wageni hawapungui nauli kwa sababu wanafunzi wamesamehewa, kwa hiyo msamaha wote unaangukia kile kidogo kilichobaki. Halafu kuna wale watano wanaolipa kamili. Kila mwaka mmoja au wawili huishia awamu ya kwanza: kazi imempeleka Uvira, biashara imekufa, mume amekataa. Wawili wakiacha baada ya kulipa 320, chuo kinapoteza dola 960, na mkononi panabaki 640 kwa mwaka mzima wa programu.

Kamati inajua hesabu hii kwa uzoefu hata kama haijaiandika. Inasubiri awamu ya pili iingie, ihesabu waliobaki, ndipo itamke msamaha. Na inaukata msamaha mwishoni ili hadi siku hiyo fedha taslimu iwe tayari imeingia. Kwa macho ya anayelinda chuo, hiyo ni busara.

Ila busara hiyo ina anayeilipia. Hatari ya kwamba mfanyabiashara fulani ataacha masta mwezi wa 1 imehamishwa na kuwekwa begani kwa asisitanti wa dola 90. Yeye ndiye anayetanguliza fedha kamili ili chuo kiwe na mto wa kulalia. Na kwa kuwa primu hutoka katika ada hizohizo, kipande cha nusu aliyosamehewa kimetoka mfukoni mwake na mwa wenzake wa idara. Wanaoketi kutoa msamaha nao wanaishi kwa primu hiyo. Sijamsikia mtu akilisema hilo waziwazi katika kikao, ingawa linaeleza ubaridi wa vikao vingi kuliko sababu zinazoandikwa katika kumbukumbu.

Kuna jambo lingine linalopita bila kutazamwa. Msamaha unagusa ada tu. Haugusi dola 250 za kuwasilisha na kutetea tasnifu, wala dola 60 za kuchapa na kujalidi nakala, wala intaneti ambayo kwa miezi kumi ilimla kama dola 100. Jumla 410. Alichosamehewa ni 400.

Mwezi wa 2

Fedha za kwanza za mradi, zikiwa na marudisho ya 320 na posho ya miezi ya nyuma, zilitoka Ubelgiji mwanzoni mwa mwezi wa 2 mwaka 2025. Tarehe 14 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walifika uwanja wa ndege wa Kavumu, na kufikia tarehe 16 walikuwa katikati ya Bukavu. Benki zilifunga. Fedha zilikuwa zimeshaingia katika akaunti yake, na yeye hakuwa na namna ya kuzitoa. Akaunti ilikuwa mpya, kadi haijatoka. Wenye kadi walivuka mto Ruzizi kwenda kuzitolea Kamembe, upande wa Rwanda. Wenye simu walihamisha kidogokidogo, wakikatwa na kila wakala kwa kadiri noti zilivyoadimika mjini. Yeye aliweza kuunganisha akaunti na simu baada ya barua pepe nyingi, na mwisho wa mwezi wa 4 akalipa AVEC. Makato ya mawakala yalimla kama dola 20, ambazo mradi ulikataa kuzirudisha kwa kukosa risiti. Wakala wa barabarani hatoi risiti.

Mtu anaweza kusema: bila vita angelipa deni mwezi wa 2, riba ingekuwa 96. Kweli. Lakini mpango wa ufadhili Kivu unaofanya kazi kwa sharti kwamba pasitokee lolote kati ya mwezi wa 11 na wa 2 ni mpango wa mahali pengine.

Utafiti wake ulikuwa katika teritwari ya Kalehe. Jioni ya tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, mito ilifurika na kuzoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400, na yeye alitaka kujua ni familia zipi zilirudi kujenga kando ya mito ileile na kwa nini. Minova, katika teritwari hiyohiyo, ilikuwa imeshaangukia M23 mwezi wa 1. Barabara ikawa ya mapigano. Promota akamshauri ahamishie swali lake kwenye miteremko ya Kadutu, humuhumu Bukavu, ambako nyumba huporomoka kila msimu wa mvua na watu hurudi kujenga vilevile. Swali lilibaki zima, pengine likawa bora. Dola 200 zilikuwa zimeandikiwa "uwandani Kalehe", mradi ukajadili, ukazikata zikawa 120 kwa kuwa Kadutu inafikika kwa miguu. Hapo mfadhili alifanya haraka na kwa haki, niseme hivyo.

Utetezi wa tasnifu sina raha nao hadi sasa. Mjumbe wa nje wa jopo hakuweza kuja, ndege za abiria zilikuwa hazitui tena Kavumu, akashiriki kwa video. Hakukuwa na tiketi, hakukuwa na hoteli. Ada ya utetezi ilibaki dola 250.

Kila mmoja angeweza kufanya nini

Mfadhili nitaanza naye kwa sababu ni rahisi. Kudai cheti ni haki yake, hawezi kutuma fedha kwa mtu ambaye chuo hakijamkubali. Ila angekubali cheti cha muda chenye saini ya katibu mkuu wa taaluma, kinachosema kwamba mwanafunzi amepokelewa na uandikishaji utakamilika ada ikilipwa. Na angelipa awamu ya kwanza mbele, kwa fakturi (ankara) ya chuo. Promota aliogopa kwamba fedha zikiingia katika akaunti ya chuo zitamezwa na madeni mengine na mwanafunzi ataendelea kudaiwa; hofu hiyo haikutoka hewani. Ila fakturi yenye jina la mwanafunzi na awamu anayolipiwa ingekuwa silaha nzuri kuliko mkopo wa AVEC.

Kwa chuo, hatua ya kwanza ni kugawa msamaha katika awamu zote tatu badala ya kuusukuma nyuma. Awamu zingekuwa 160, 140 na 100. Mwezi wa 11 asisitanti angehitaji 160 tu, na chuo kingekuwa kikimdai kidogo kuliko 270 alizokuwa akikidai. Mkopo usingezaliwa.

Najua kamati itasema: na wale wawili wakiacha? Hapo ndipo ningewaambia wapunguze msamaha. Wengi wanaosikia wazo hili wanalichukia, hasa maasisitanti wenyewe, lakini fuata hesabu. Msamaha wa asilimia 30 uliotangazwa mwezi wa 10 na kugawanywa katika awamu zote ungemfanya alipe 560 kwa mwaka badala ya 400. Awamu ya kwanza ingekuwa 224. Primu anayodai ni 270, kwa hiyo wangemlipa primu, angelipa ada siku hiyohiyo, na angebaki na 46 mkononi. Mwisho wa mwaka angekuwa ametoa 160 zaidi ya alivyopangiwa. Ni zilezile 160 alizotoa riba. Tofauti ni kwamba zingeingia chuoni, na kwa wafanyakazi wanne ni dola 640 ambazo kamati ingekuwa nazo hata wale wawili wakiacha. Na kama promota angeujua msamaha tangu mwezi wa 10, angeweza kuuomba mradi upandishe dari la ada kutoka 400 hadi 560 wakati bajeti bado iko wazi. Bajeti hiyo ilifungwa mwezi wa 12. Kamati iliketi mwezi wa 2.

Nusu iliyoahidiwa inapendeza katika ripoti. Ninaelewa kwa nini mkuu wa chuo hataki kutamka 30 pale mtangulizi wake alipotamka 50.

Hatua ya pili ni hiyo ya kutanguliza primu ya mfanyakazi anayesoma. Haihitaji fungu jipya. Inahitaji kamati iandike aya moja mwanzoni mwa mwaka, ili msimamizi wa bajeti asiwe mtu peke yake anayesimama mlangoni mbele ya wale kumi anaowaogopa. Alikataa peke yake kwa sababu alikuwa ameachwa peke yake, na mtu wa fedha asiye na andiko la kumlinda atakataa daima.

Ada ya utetezi irudi katika gharama halisi. Jopo likikaa kwa video, toa nauli. Sioni cha kuongeza hapo.

Mwanafunzi mwenyewe angeweza kufanya nini? Kidogo. Angeomba kadi ya benki mapema. Angeuliza kwa maandishi, mwezi wa 10, msamaha unakatwa awamu ipi. Aliuliza kwa mdomo, na kwa mdomo akajibiwa mambo mawili tofauti na watu wawili. Katika vyuo vyetu asisitanti haandikii wakubwa zake barua ya namna hiyo kirahisi. Anayemsimamia masomoni ndiye mkuu wake wa idara kazini, na barua ya mwanafunzi itasomwa kama malalamiko ya mfanyakazi. Ningependa promota ndiye aandike. Mwanafunzi wa nje ya chuo, yule mfanyabiashara anayelipa kamili, hupaza sauti ofisini na kusikilizwa; akiondoka anaondoka na 480 ambazo hajalipa. Huyu wa ndani kila mtu anajua haondoki.

Alitetea tasnifu yake mwezi wa 10 mwaka 2025. Kwa mwaka uliofuata chuo kilikubali kugawa msamaha katika awamu zote, kikaushusha hadi asilimia 25, na maasisitanti wawili wapya wameandikishwa kwa utaratibu huo. Kutanguliza primu kumekwama. Msimamizi wa bajeti yuko tayari kuandika ile aya, kwa sharti kwamba mfanyakazi anayefaidika asaini kubaki chuoni miaka mitatu baada ya masta. Maasisitanti wamejibu kwamba watasaini siku ambayo barua hiyohiyo itaonyesha namba ya kumekanizwa kwao, na namba hiyo haitolewi Bukavu.